Simu ya Ngassa na Pamba ya Mzee Mageni

Duara la Ngassa, yaani shimo lake la kuchimbia, lilitema dhahabu mwaka wa tisini na nane, kule Nyarugusu, baada ya miaka mingi ya kula vumbi na maharage. Wachimbaji wengine wakipata hupotelea kwenye baa za Geita mpaka ndugu zao waende kuwatafuta. Ngassa hakupotea. Alirudi kwake Ngokolo, mjini Shinyanga, akaiezeka nyumba upya kwa bati, akampeleka binti yake Euphrasia shule ya bweni, akamwongezea mkewe Lusia mtaji wa biashara ya mchele. Majirani wakamsifu kwamba ni mtu aliyetulia. Walimsifu mapema mno, maana mwaka uliofuata alikwenda Mwanza akarudi na gari na simu ya mkononi.

Gari lilikuwa Toyota Mark II nyeupe, lililotoka Japani likiwa na viti vilivyovikwa nailoni. Nailoni hiyo Ngassa alikataa katakata kuivua. Aliyekaa juu yake alilowa jasho, na akitaka kushuka alisikika akibanduka kama plasta. Vioo vilipanda na kushuka kwa kitufe, na siku ya kwanza Ngassa alivipandisha na kuvishusha mpaka Lusia akamwambia betri itakufa. Kulikuwa pia na kiyoyozi. Aliwakaribisha majirani waingie mmoja mmoja wapigwe na baridi, na mama mmoja wa nyumba ya tatu akaja na kidumu cha maziwa, akaomba kikae humo mpaka jioni yasije yakaharibika.

Simu nayo ilikuwa kubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, ina antena ya kuvuta, inakaa kwenye mfuko wa ngozi uliofungwa kiunoni. Ilikuwa na kasoro moja tu. Mtandao uliishia Mwanza. Aliyemuuzia alimweleza hivyo wazi, akaongeza kwamba Shinyanga utafika karibuni, na Ngassa akachukua lile neno "karibuni" akayaacha mengine yote dukani.

Kwa hiyo akawa anaongea peke yake. Hakuanza kwa ubaya. Alitoa simu baa akaiweka sikioni ili asikie tu kama imeanza kukamata, watu wakanyamaza kwa heshima, na mtu ukinyamaziwa kwa heshima unajikuta umesema kitu. Akasema, "Halo!" Watu wakazidi kunyamaza. Akasema, "Ndiyo, mzigo nimeuona." Tangu siku hiyo hakukuwa na kurudi nyuma.

Siku moja alikuwa dukani kwa Vinod, muuza vipuri wa karibu na soko, akitafuta zulia la kuwekea miguu. Aliona wateja wengine wanamwangalia, akachomoa simu.

"Halo, Dar es Salaam! Ndiyo, niko ofisini kwa Vinod hapa."

Vinod alikuwa na simu kama hiyo hiyo. Yake aliiacha kwenye droo, akaitoa tu alipokwenda Mwanza kuchukua mzigo. Alijua vizuri kwamba hapo dukani simu ile inaweza kuzungumza na mtu sawasawa na boksi la plagi. Lakini alikuwa mtu mwenye adabu. Akasubiri huku mikono ameiweka juu ya kaunta, na Ngassa alipovuta pumzi akasema, "Ukimaliza, bwana Ngassa, nisalimie hao wa Dar."

"Vinod anawasalimu," Ngassa akaiambia simu. Hapo simu ikalia pii, pii, pii, ikazimika kwa kuishiwa chaji huku bado ameishikilia sikioni. Akaendelea kuongea sentensi mbili zaidi.

Kuhusu kuendesha, jambo lilikuwa hivi. Ngassa alifundishwa na Land Rover bovu la pale machimboni, ambalo kazi yake ilikuwa kubeba mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye mtambo wa kusaga na kurudi. Pale hapakuwa na kona, hapakuwa na trafiki, na breki zilikuwa ni kile kichuguu cha mwisho. Leseni hakuwa nayo; hata kutoka Mwanza gari lililetwa na dereva wa kukodi. Mwenye leseni alikuwa Lusia. Yeye alichoshwa na madereva wa kukodi waliokuwa wakipotea na mchele wake, akaingia shule ya udereva, akasoma alama zote za barabarani, akafaulu. Makubaliano ya nyumbani yalikuwa kwamba Lusia anaendesha barabarani na Ngassa anaendesha uani. Uani alikuwa anasogea mbele hatua tano na kurudi nyuma hatua tano, na muziki umefunguliwa.

Mwezi wa saba mama yake Lusia, Nyamizi, alimaliza matibabu ya macho mjini, ikabidi arudishwe kwake Didia. Mama huyu alikuwa mjane, na mtoto wake wa kiume alikuwa mmoja tu, Theonest, aliyekwenda Dar es Salaam kufanya kazi kwenye malori. Mwanzoni alikuwa akituma salamu kwa kila aliyekuja. Kisha zikakatika, mwaka ukapita, ukapita mwingine, na Nyamizi akaacha kuuliza kwa sauti. Aliuliza kwa kunyamaza, akiona mtu yeyote ameshuka kwenye treni na begi.

Nyamizi aliketi kiti cha nyuma, nailoni ikimtelezesha kila gari lilipopinda. Kwa desturi ya kwao, mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na neno la mmoja humfikia mwenzake kwa kupitia mtu wa kati. Mtu wa kati alikuwa Lusia, kwenye usukani.

"Lusia, mwambie baba Euphrasia gari lake ni zuri, ila linanirudisha chini kama samaki."

"Mama anasema gari ni zuri."

"Mwambie ahsante."

Walipofika njia panda ya kuingilia kijijini, Ngassa akamgusa mkewe begani. "Mama Euphrasia, simama hapa. Nishike mimi."

"Kwa leseni ipi?"

"Hapa si barabara, ni njia ya ng'ombe. Ninaingiaje ukweni nimeendeshwa na mke wangu kama mgonjwa? Watu watasema nini?"

Lusia aliitazama ile njia. Ilikuwa imenyooka, ghala la ushirika linaonekana mwisho wake, na kasi ya mtu anayetembea ingetosha. Akasimamisha gari, wakabadilishana viti. "Taratibu," akasema. "Na mikono miwili."

Mikono miwili ilidumu mpaka kwenye mashamba ya kwanza. Ilikuwa siku ya kuuza pamba, na njia nzima ilikuwa na watu wenye magunia vichwani na kwenye baiskeli, na wote waligeuka kulitazama gari. Walisogea pembeni. Wengine walipunga mkono. Ngassa alihisi kwamba kuna kitu kinapungua kwenye picha hiyo. Akapeleka mkono kiunoni.

"Halo, Dar es Salaam!"

"Baba Euphrasia," Lusia akasema kwa sauti ya chini, "weka hiyo kitu."

"Naam! Nakusikia vizuri sana!"

Nyuma, Nyamizi aliinama mbele. "Lusia, muulize anaongea na nani."

"Mama anauliza unaongea na nani," Lusia akasema, akimkazia macho.

"Mwambie naongea na Dar es Salaam."

"Anasema anaongea na Dar es Salaam, mama."

Nyamizi akafikiri. "Yote?"

"Mwambie na watu wa huko. Watu wa kazi."

Gari likaruka tuta. Kisha Nyamizi akasema polepole, kama mtu anayepapasa kitu gizani, "Lusia. Muulize kama Theonest yuko hapo karibu."

Hapo ndipo Ngassa angeweza kusema hapana. Hata "amekata" ingetosha. Lakini hakuwahi kusikia sauti ya mama mkwe wake ikiwa namna ile, na mdomo wake ulikuwa umeshazoea kujibu kabla yake.

"Mwambie huyu hapa," akasema. "Anapita sasa hivi. Theonest! Hebu njoo!"

Lusia aligeuka kumtazama.

"Mayo!" Nyamizi akapiga yowe. "Nipe! Mwambie anipe!"

Sasa simu haikuweza kupita mkono kwa mkono, na Lusia hakuwa tayari kuishika, alikuwa anaona kilichokuwa mbele. "Angalia njia!" akapiga kelele. Ngassa alijipinda mwili mzima, akaunyoosha mkono wake nyuma kati ya viti, huku uso ameugeuzia dirishani asije akamtazama mkwe, na akawa anatafuta kwa kupapasa mahali pa kuiweka simu juu ya nailoni. Simu ikateleza. Akaifuata. Usukani nao ukamfuata yeye. Alipogeuka mbele aliona weupe mtupu. Mguu wake wa kushoto ukaruka kukanyaga klachi, ambayo gari lile halikuwa nayo, na wa kulia ukakosea ukakanyaga mafuta.

Waliokuwepo walisema hawakusikia kishindo. Walisikia *fuuu*. Mark II ilipita kwenye turubai la Mzee Mageni, mkulima aliyekuwa akisubiri kupima pamba yake pale ghalani, ikaingia kwenye rundo lake, kubwa kama kibanda, likaishikilia, ikazama mpaka milango ya nyuma. Injini ikakohoa, ikazima. Pamba ikapanda hewani ikaanza kurudi chini taratibu juu ya watu wote.

Hakuumia mtu. Mzee Mageni mwenyewe alikuwa amesogea kando kutafuta ugoro wake, na jambo hilo alilikumbuka baadaye mara nyingi. Akaja akasimama pembeni ya mlango wa dereva. Kioo kikashuka kwa kitufe, zzzz, pamba ikamiminika ndani, na kichwa cha Ngassa kikachomoza kikiwa na mvi ghafla.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toa hicho kitu kwenye pamba yangu."

"Nitalipa, mzee. Nitalipa zaidi ya bei."

"Sikuuliza bei," Mageni akasema. "Huku nilitenga safi. Huku nilitenga fifi, ile yenye doa. Nimechambua kwa vidole hivi mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Umevichanganya vyote, na matope ya magurudumu umetia. Sitaki hela yako. Shuka uchambue."

"Mimi?"

"Kuna mwingine aliyeingia humo na gari?"

Watu walilivuta gari nje kwa kamba ya ng'ombe. Grili yake ilikuwa imejaa pamba kama mzee mwenye ndevu. Ngassa, na shati lake la hariri na viatu vya ncha, akakalishwa kwenye gunia katikati ya wanawake waliokuwa wakichambua, akaonyeshwa: nyeupe isiyo na doa upande huu, ya njano na yenye majani upande ule. Kila aliyekuja kuuza alipitia pale. "Mwadila, bwana mkubwa," walimsalimu. "Umehamia pamba siku hizi? Dhahabu imeisha?"

Lakini kilichomchoma si hao. Nyamizi alishuka kwenye gari, ushungi umekaa upande, simu ameikamata sikioni kwa mikono miwili. Akaenda akakaa kwenye kivuli cha ghala. Na alikuwa anaongea.

"Theonest, ng'wanone, mwanangu. Ni mimi. Tumepata ajali ndogo, usiogope, ni pamba tu. Mbona umenyamaza? Umekasirika? Sikukasirikii, mimi. Hata kama huna kitu, we njoo hivyo hivyo. Yule ng'ombe wako wa madoa amezaa mara tatu. Macho yangu wameyatibu, naona mpaka kule mlimani, nitakutambua ukiwa bado mbali…"

Wanawake wakaacha kuchambua. Mmoja akajifuta pua kwa kipande cha fifi. Ngassa aliinamisha kichwa chini, akatafuta pamba ya kuchambua, vidole havikuona rangi. Nyamizi aliongea mpaka sauti ikakauka. Kisha akaileta simu, akaiweka chini, hatua chache kutoka alipokaa mkwewe, akamwambia Lusia, "Hakunijibu. Ndivyo alivyo tangu utoto, akikosa hunyamaza. Lakini alikuwa anasikiliza. Nilimsikia anavuta pumzi."

Kufikia jua kuzama Didia nzima ilijua kwamba Theonest wa Nyamizi amepatikana.

Njia ya kurudi Lusia aliendesha. Taa za mji zilipoonekana, akauliza.

"Sasa Theonest utamtoa wapi?"

"Sijui."

"Ningekuwa na moyo mgumu ningekuacha kwa Mageni mpaka msimu ujao."

"Ningechambua," Ngassa akasema, na Lusia akamtazama kidogo, akaona hatanii.

Asubuhi Ngassa alikwenda kwa Vinod, akasubiri wateja waondoke, akamweleza yote, kuanzia ile "Halo" ya kwanza ya baa. Vinod alisikiliza bila kucheka mpaka ilipofika kwenye *fuuu*, hapo ikabidi aende nyuma ya stoo. Aliporudi alikuwa amefuta macho.

"Huyo Theonest alikuwa kwenye malori ya nani?"

Ngassa alijua jina la yadi. Vinod akainua mkono wa simu ya mezani. Shemeji yake Sanket aliuza matairi Dar, na watu wa malori wote walipita kwake. Baada ya siku kadhaa za kupigiana, Sanket akarudisha jibu: kijana yupo, yu hai, hayupo tena kwenye malori, anauza kwenye stoo ya vipuri Kariakoo. Jumamosi asubuhi atamwita ofisini kwake aongee na mama yake.

"Mleteni mama hapa dukani," Vinod akasema. "Simu yangu hii ina waya, haina matatizo."

Lusia akaenda Didia kumweleza mama yake. Akarudi akitikisa kichwa. "Hataki. Anasema alimwacha Theonest kwenye simu ile nyingine, na ndiko atakakomkuta."

Basi ikawa lazima simu ifuate mtandao, na mtandao ulikuwa Mwanza. Vinod akampa Sanket namba ya ile simu, na Jumamosi wakaondoka alfajiri, Lusia kwenye usukani.

Safari hiyo Ngassa aliiona ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri. Mbele yao kulikuwa na mkokoteni wa punda uliobeba viazi, na Lusia alitambaa nyuma yake huku akisubiri njia ionekane.

"Mpite."

"Kuna kona."

"Gari hili lina nguvu, Mama Euphrasia. Likinguruma tu umeshapita."

"Nguvu ninazo. Sioni kona inaficha nini."

Kona ilikuwa imeficha basi, lililotokea katikati ya barabara likipiga honi. Ngassa akafunga mdomo. Nyuma, Nyamizi alikuwa amevua nailoni kwenye kiti chake kimyakimya, akaikunja vizuri, akaikalia. Alifurahia safari. Alitaja ng'ombe wa kila mtu waliompita, wakondefu na wanene.

Walipoanza kuona mawe ya Mwanza, yale makubwa yaliyopandana, Ngassa akatoa simu na kuwasha. Vijiti vikatokea kwenye kioo chake, kimoja, viwili, vitatu. Hakuwa ameviona tangu siku aliyoinunua. Alikuwa bado anavishangaa simu ilipolia.

Alikuwa hajawahi kuisikia ikilia. Ilipiga muziki mkali wa kengele, na ikatetemeka mkononi kama panzi, na Ngassa akaitupa miguuni kwake.

"Usishike kitu!" Lusia akasema. Akawasha indiketa, akatafuta mahali pa wazi, akatoka kabisa barabarani, akazima injini na kuvuta breki ya mkono. Simu ilikuwa inalia muda wote huo.

"Lusia," Nyamizi akasema kutoka nyuma, "mbona leo inalia? Siku ile haikulia."

Ngassa akaiokota. Kulikuwa na vitufe vingi kuliko alivyokumbuka. Akabonyeza chekundu. Ikanyamaza.

"Umemkata," Lusia akasema.

Ikalia tena. Safari hii akabonyeza cha kijani, akaiweka sikioni, na akasikia mtu. Mtu wa kweli, mbali, akivuta pumzi. Baada ya miezi yote ile ya kuongea, hakuwa na neno hata moja.

"Halo?" ile sauti ikasema. "Mama yangu yupo?"

Akampa Lusia. Lusia akampa mama yake.

"Theonest," Nyamizi akasema. "Bado umekasirika tangu siku ile uliponinyamazia?"

Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, na ndani ya gari wote walisikia. "Siku ipi, mama?"

"Siku ya pamba."

"Mama, sijasikia sauti yako huu mwaka wa nne."

Nyamizi akanyanyua macho. Kwenye kile kioo kidogo cha juu alikutana na macho ya Ngassa, na hayo yalikuwa macho ya kwanza kutazamana tangu siku ya harusi. Ngassa ndiye aliyeangalia pembeni.

Kwa wakati huo Nyamizi alikuwa na mtoto wake sikioni. Theonest alieleza kwa vipandevipande. Kwamba alipanda cheo kutoka utingo mpaka dereva. Kwamba alipenda sana kusifiwa kwamba analifikisha lori Dar kabla ya wenzake. Kwamba karibu na Chalinze, alfajiri, alikuwa anamcheka utingo wake kwa jambo fulani, amegeuza shingo, na alipoangalia mbele kulikuwa na trekta lisilo na taa. Utingo alipona. Yeye mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pabaya, na yule wa trekta alilala hospitali miezi. "Ningerudije, mama? Nilikuambia nitakuja na lori langu. Nitakuja nachechemea?"

"Ng'ombe wangu wangapi wanachechemea," Nyamizi akasema, "na wanarudi zizini."

Ngassa alifungua mlango akashuka. Akasimama nje akitazama ziwa, ambalo toka pale lilikuwa mstari mwembamba tu wa bati. Lusia akamwacha. Muda si mrefu mlango wa nyuma ukafunguka, na Nyamizi naye akashuka, simu mkononi. Akaja akasimama mbele yake kabisa, uso kwa uso, akamwita kwa jina lake.

"Ngassa. Siku ile ulikuwa unaongea na nani?"

"Na hewa, mama."

"Na mimi?"

"Na wewe ulikuwa unaongea na hewa. Nisamehe."

Lori likapita, ushungi wa Nyamizi ukapeperuka.

"Kwa hiyo yale yote niliyomwambia pale ghalani hakuyasikia."

"Hakuyasikia, mama."

"Hata habari za ng'ombe wa madoa."

"Hata hizo."

"Basi itabidi niyaseme yote upya," Nyamizi akasema, akamnyooshea simu. "Mpigie. Mimi nitakaa ndani, pana baridi."

Akayasema yote upya, na mengine mapya juu yake, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, mpaka vocha ya Ngassa ikaisha kabisa. Ngassa akatembea kwa miguu hadi dukani mjini kununua nyingine, akarudi nayo akitweta, akakuta Lusia na mama yake wamelala.

Kuhusu adhabu, Nyamizi hakutaka mbuzi wala kitenge. Alisema neno moja, na alilisema kwa kupitia Lusia, maana desturi ilikuwa imerudi: hatapanda tena gari analoendesha Ngassa mpaka serikali iseme kwamba ni dereva.

Ngassa akajiandikisha shule ileile aliyosoma mkewe. Mwalimu wake, Marselino, alikuwa na fimbo ndogo ya kugonga vidole vya anayeshika usukani kwa mkono mmoja. Wanafunzi wenzake walikuwa wanapanda pikapu ya mazoezi nyuma wakisubiri zamu, na bwana mwenye duara Nyarugusu akawa anazungushwa nao mjini huku watu wa sokoni wakimpigia miluzi. Jaribio la kwanza aliangushwa kwa kurudi nyuma mpaka kwenye mtaro, mbele ya askari. La pili alifaulu. Simu ile alijifunza kuiweka kwenye kikasha cha mbele ya abiria, imezimwa, na hata mtandao ulipofika Shinyanga baadaye hakubadili.

Theonest alikuja na treni kabla ya Krismasi. Alishuka na begi moja na fimbo, mzito kidogo upande mmoja, na mama yake alimtambua akiwa bado mbali. Waliyoyafanya pale stesheni ni yao wawili. Kisha wakaingia kwenye gari kuelekea Didia, akina mama nyuma, Theonest mbele, Ngassa akaendesha.

Haikuchukua muda Ngassa kuona kitu. Kila walipokaribia kona, au baiskeli, au mbuzi pembeni, mguu mzima wa Theonest, ule wa kushoto, ulikuwa unakandamiza sakafu ya gari kwa nguvu, kwenye breki ambayo upande ule haipo. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa na alikuwa akisimulia habari za Kariakoo. Mguu tu ndio ulikuwa unaendesha.

Ngassa alipunguza mwendo. Kona iliyofuata akapunguza mapema zaidi, kabla mguu haujaanza. Mwendesha baiskeli mwenye kuku alipoyumba mbele yao, akasubiri nyuma yake mpaka akatulia, akampita kwa mbali. Gari la nyuma likapiga honi. Akaliacha lipige.

"Unaendesha vizuri, shemeji," Theonest akasema.

"Naendesha polepole."

"Ndiyo nasema."

Walipopita makutano ya mwisho, Ngassa alitupa jicho mara moja tu, haraka, akalirudisha barabarani. Mguu ulikuwa umelegea, umenyooshwa mbele, kiatu kimelala upande. Theonest alikuwa amesinzia, kichwa kwenye kioo, na nyuma Nyamizi alikuwa anamnong'oneza Lusia amwambie baba Euphrasia asiharakishe, waache wachelewe.